Herufi Mbili

Kocha Gwamaka alikuja na flashi shingoni kama hirizi,
viatu vyeupe katika tope la Mtaa wa Narung'ombe,
akataka bango la mita sita kwa tatu:
yeye kakunja mikono, nyuma yake maghorofa
yasiyo ya mji huu.

Bosi huhesabu mita. Mimi wa kompyuta huhesabu herufi.
Kwenye karatasi yake, kwa mwandiko wake mwenyewe:
SIKU ISHIRINI NA MOJA, HUENDA UKATAJIRIKA.
Nikaandika. Akatazama kioo, akanyamaza
kiasi cha mtu kumeza mate.
"Hiyo huenda inabana," akasema. "Itoe. Weka ta."
Herufi mbili tu.
Sikumwongezea hata shilingi.

UTATAJIRIKA.

Nisijitakase. Paa la jiko langu Mbagala
nimeliezeka kwa mabango yaliyokosewa:
PUNGUA KILO KUMI BILA KUJINYIMA!
ONGEA KIINGEREZA NDANI YA WIKI MBILI!
Mvua ikija linavuja
palepale penye alama ya mshangao.

Likatundikwa Sinza, Barabara ya Shekilango.
Wiki ya tatu kamba ya kulia ikakatika,
turubai likajikunja,
likabaki neno nusu juu ya vichwa vya wapita njia:
UTATA.
Siku nne nzima. Hakuna aliyepanda ngazi.

Kisha akaja mwanamke, jina lake Sikudhani,
na kweli sikudhani
kuna mtu husoma ile namba yetu kona ya chini,
ndogo kama sisimizi.
"Namba ya Kocha haipatikani," akasema. "Yenu inaita."

Friza yake ya samaki, kule Tandika,
aliiuza laki tatu na nusu, akalipia kiti cha mbele.
Siku ishirini na moja aliamka saa kumi za usiku
akikiambia kioo: mimi sumaku, pesa chuma.
Siku ya ishirini na mbili palikuwa na kioo,
na yeye,
na sakafuni alama nne za miguu ya friza.
Alipouliza, akajibiwa hakuamini vya kutosha.
"Umeiona dawa hiyo?" akaniambia. "Ikiponya, sifa yake.
Isipoponya, mgonjwa hakuugua vizuri."

Nikasema mimi mchapaji tu, mjumbe hauawi.
"Sikuja kuua. Nimekuja kuuliza
mjumbe alilipwa ngapi."
Pangaboi likazunguka. Bosi akakohoa.

Ningemwambia kwamba Kocha si mwongo wa kuzaliwa,
kwamba nilimwona akisita,
kwamba watu hawailipii huenda,
na hata yeye, Sikudhani, asingeuza friza kwa ajili yake.
Yote hayo kweli.
Na hayarudishi samaki kwenye baridi.

Kumbe hakutaka kurudishiwa kitu. Alitaka kibao.
Anaanza tena, kwa ndoo na barafu ya kununua.
Akanisomea taratibu:
SAMAKI WABICHI, WAKIPATIKANA.
Nikalipunguza lile neno la mwisho, mkono umeshazoea,
kwetu masharti huwa madogo.
Akaweka kidole kwenye kioo, juu ya ile ki.
"Zilingane," akasema. "Herufi zote zilingane."

Zikalingana. Kibao cha nusu mita.
Nilitaka kumpunguzia, bosi alikuwa akitazama,
nikamtoza yote.
Akahesabu sarafu moja moja juu ya meza,
akaondoka nacho kwapani, wino haujakauka,
ile ki imeacha doa
kwenye gauni lake.