Kilo Moja

Robota la kwanza asubuhi hii: kilo hamsini na mbili.
Karani anaandika. Mimi nacheka,
na Ndelema, aliyelileta toka Sikonge kwa baiskeli,
anadhani namcheka yeye.

Hamsini na mbili nilikuwa mimi.
Mimi, na tandiko, na buti,
na shati la hariri lenye nyota za mwenye farasi.

Niliondoka stesheni ya Tabora na miaka kumi na sita,
mfupi hata nikakatiwa tiketi ya mtoto.
Nilifika Nairobi kusomba samadi.
Samadi ikanifundisha farasi,
farasi wakanifundisha kunyamaza.

Njaa nilijifunza mwenyewe.
Usiku wa kuamkia mbio nilikimbia na makoti mawili,
nikatema mate koponi mpaka ulimi ukawa gunzi.
Wenzangu wakisonga ugali, niligeukia ukuta.
Mama aliuliza kwa barua: Unakula?
Nikajibu: Nashinda.
Neno la pili sikuliandika.

Mwaka wa tisa wakanipa jike jekundu, Subira,
ambaye subira hakuwa nayo hata tone.
Watu hudhani tunaketi.
Hatuketi. Vidole vya miguu kwenye vikuku
(jina lilelile la mapambo ya bibi yangu),
unaning'inia juu ya mgongo
kama nyuki mlangoni mwa mzinga,
na upepo unakula macho.
Mara kumi na moja tulitangulia.

Mara ya kumi na mbili, kona ya mwisho,
nilisikia mfupa nikadhani ni wangu.
Wangu ulifuata: mtulinga, huu wa kushoto,
unaotabiri mvua kuliko redio.
Walimzungushia turubai la kijani.
Mlio mmoja.
Kisha kipaza sauti kikataja mbio zinazofuata
na majina ya farasi wazima.

Watoto wa Isevya huniuliza kama farasi ni punda mrefu.
Nawaambia hapa haishi,
ndorobo wa miombo wangemmaliza kabla ya masika.
Wanataka kuona hata hivyo.
Basi ghala likifungwa hupanda robota,
magoti kifuani, kamba ya katani mkononi,
nami na sabini na moja zangu za ugali na nsansa,
napiga shoti mpaka vumbi la tumbaku linatupigisha chafya sote.

Hapa kila mtu anaomba uzito.
Wengine hunyunyizia maji, wengine huficha jiwe.
Mimi mshale ukitetemeka bado natoa pumzi yote,
mazoea ya miaka kumi na minne.

Ndelema kavua kofia.
“Hata kilo moja, mwanangu. Ada ya shule.”
Moja!
Angejua moja ilivyokuwa ikinitoka:
usiku mzima, makoti mawili, kopo.

Karani kainama kuchonga penseli.
Nasogeza kidole gumba cha mguu, taratibu,
kama mtu anayetafuta kikuku gizani,
nakiweka pembeni mwa sinia.

Karani, hebu soma tena.