Ukwato wa Kushoto

Tangu mvua za Januari, Diwani anachechemea.
Tope la Puge limemwingia ukwatoni,
linanuka kama muhogo uliosahaulika majini.

Nakwangua kwa kisu cha tumbaku.
Naosha kwa maji ya mwarobaini,
machungu mpaka vidole vinakunja uso.
Kisha mawese aliyonipa shemeji Kashindye,
yaliyokuja na treni ya Kigoma,
chupa ya soda, kizibo cha gunzi.

Mke wangu anachungulia:
"Hayo si ya maharage?"

Nyamizi, nivumilie.
Madumu sita kila alfajiri,
mbebaji ni nani?

Diwani anautua mguu
kama mtu anayeonja uji wa moto.
Haniangalii. Ananichapa mkia, anaondoka.

Nyuma yake nyayo tatu za tope
na moja ya rangi ya mawese.