Ukoko

Saa kumi na moja alfajiri, Katuba,
mama yangu Mwewa anatia mafuta karaini.
Makala yanakohoa. Yanashika.
Mkate wa kwanza unazama, unaibuka na mashavu.
Juu yake moshi, na ndani ya moshi
punje ambazo jicho haliziwezi:
masizi yaliyopakwa mafuta
kama mtoto aliyeogeshwa, akapakwa, akaambiwa nenda.

Mimi nazisubiri ng'ambo ya jiji,
juu ya paa la maabara, na pampu na vichujio.
Agosti. Porini wanachoma nyasi,
na jua la Lubumbashi halina simile.

Ozoni ni oksijeni watatu kitanda kimoja:
daima mmoja anatafuta pa kutokea.
Hukutana na punje, hupapasa mafuta yake,
hutafuta pale kaboni mbili zilipofungana mara mbili
(penye fundo ndipo penye udhaifu)
hukata.
Ndiyo ile harufu ya chupa iliyosahauliwa dirishani.
Mafuta yamechacha, husema mama.
Mimi huandika ukurasa mzima kusema hivyo hivyo.

Jumanne nilisahau kichujio juani.
Asubuhi kilikuwa na rangi ya chai kavu;
saa tisa kimepauka kama kikwembe cha kambani.
Nikamwambia: Mama, jua linakula moshi wako.
Nilidhani atafurahi.
Akageuza upindo wa kikwembe chake,
akanionyesha ndani ya mshono
wekundu ule ule wa siku baba alipokileta.
"Jua halifumui mshono," akasema,
akarudi kwenye mikate.

Kweli. Punje ikiliwa juu hufanya ukoko,
kama bukari uliosahauliwa motoni,
na chini ya ukoko tone la alfajiri bado laini,
linapita juu ya mlima mweusi wa mabaki ya shaba,
linaelekea Likasi, katika pafu la mtu
asiyejua Katuba iko wapi.
Na kilicholiwa hakikutoweka.
Kimekuwa tindikali, kinangoja wingu la Novemba.

Naye anakohoa, mama.
Miaka thelathini amevuta moshi mbichi,
ambao haujaonana na jua wala na wale watatu.
Jedwali langu halina safu ya moshi huo.

Kesho sipandi paa.
Nitakwenda na kichujio kimoja, cheupe,
nikitundike msumarini, usawa wa pua yake,
kabla hakujapambazuka.