Kulabu ya Kumi na Tisa

Maneno ni hamsini na matatu. Hayaongezeki.
FUNGUA, FUNGA, PIMA, ZIMA, NGOJA,
na mengine ambayo hata mimi niliyeyaandika
huyasahau nikitoka kwenda kunywa kahawa.
Ndiyo lugha nzima ya kidude cha chuma
kitakachokaa chini ya ardhi, mtaa wa Kaleva,
kikigawa maji moto kwa nyumba mia nne
Tampere ikiganda hadi mfupani.

Chipu yake ndogo, kumbukumbu yake kiganja.
Neno likija kwenye waya, hakina muda wa kupapasa,
kubisha mlango kwa mlango: ni wewe? ni wewe?
Kipige hesabu moja, kifike.

Somo hili nililipata kabla sijajua kusoma.
Mama, Raili, alitunza makoti ukumbi wa maigizo.
Wenye tiketi za msimu walikuwa walewale,
na kila Agosti, jukwaa limefunikwa, hakuna mtu,
aliingia na ngazi, chaki na orodha,
akapanga, akafuta, akapanga tena
hadi jina lenyewe likamwonyesha kulabu.
Novemba mzee Lauha akitokea na theluji mabegani,
mkono wa mama ulishafika.
Wenzake walidhani ana kipaji.
Alikuwa na Agosti.

Agosti yangu ni kompaila.
Naiambia: programu haijazaliwa bado, tafuta mbegu,
namba moja ya kuchanganya na herufi, ugawe, uchukue baki,
kila neno liangukie kijumba chake peke yake.
Mbegu ya kwanza: FUNGA kamkalia NGOJA mapajani.
Ya mia mbili: PIMA na ZIMA, wote kumi na tisa,
mapacha waliopewa koti moja.
Ya elfu sita: karibu, karibu,
kisha RUDI akamkanyaga TULIA.
Kompyuta haina hasira. Inang'oa yote, inaanza upya.
Feni inavuma. Ensio, meza ya pili, anaguna:
sekunde arobaini kujenga kitu kidogo hivi?
Nalipa mimi, namwambia, mara moja, hapa kwenye joto.
Kule chini hakuna atakayedaiwa.

Arobaini na moja elfu, mia nane themanini na saba.
Feni ikatulia.
Maneno hamsini na matatu, vijumba hamsini na vitatu,
hakuna wawili pamoja, hakuna kilichobaki tupu.

Lakini kuna usiku ule wa mgeni.
Alitaja jina, mama akasikia nusu,
mkono ukaenda wenyewe, na bwana yule akaondoka
na manyoya ya mjane wa hakimu.
"Mkono wangu," mama alisema, "haujui kusema sijui."
Tangu siku hiyo alisoma kibandiko kwanza.

Heshi nayo haijui kusema sijui.
Ipe kelele za waya, ipe chafya,
itakuelekeza kijumbani kwa adabu, bila kusita.
Jana, kwenye majaribio, waya uliolowa ulileta ZUMA,
kitu kisichokuwepo duniani,
ikakipeleka moja kwa moja kumi na tisa,
alikolala ZIMA.
Nyumba mia nne.
Kwa hiyo mlangoni nimeweka swali moja tu,
herufi kwa herufi: ni wewe kweli?
Si yeye. Rudi ulikotoka.

Jumapili nilimsimulia mama, akimenya viazi.
"Na akiongezeka mmoja?"
Nabomoa vyote, natafuta mbegu nyingine.
"Na akipungua?"
Vilevile.
Akamenya viazi viwili bila neno.
Yeye, Lauha alipokufa, hakubomoa.
Misimu mitatu kulabu ile ilikaa wazi katikati ya safu,
na kila mlango ulipofunguka kwa baridi
mkono wake uliinuka kidogo.

Mwisho akaitundikia ufagio.