Barafu Haina Ratiba

Miaka thelathini na minane nilipuliza kipenga
kwenye stesheni ya Kakegawa.
Treni ikichelewa sekunde ishirini niliona haya
kana kwamba nimetoka nje bila suruali.
Chai niliikuta mezani.
Sikuuliza imefikaje.

Sasa kinywa cha Fumie kimejaa vidonda.
Dawa zile, alisema daktari, huunguza kizuri na kibaya,
hazichagui.
Cha moto asiguse. Uji apozewe. Na chai —
hapo daktari akainamia karatasi zake,
maana utamwambiaje binti wa wachuma chai aache chai,
na pale dirishani vilima vimepangwa mistari ya kijani
kama reli zisizokwenda popote?

Mara ya kwanza nilichemsha maji,
nikayamwaga juu ya majani,
nikatupia barafu kama mtu anayezima moto.
Ikatoka chungu kama shubiri.
Aliionja kwa ncha ya ulimi, akafumba macho.
"Tokuzo," akasema, "umelikaripia jani."

Mara ya pili, maji baridi ya bomba,
kijiko kimoja badala ya vitatu
kwa ubahili niliozaliwa nao.
Jagi likalala kwenye friji usiku kucha.
Asubuhi nikamimina maji
yaliyosikia habari za chai
lakini hayajapata kuonana nayo.

Ndipo akanyanyuka, akajikokota hadi jikoni
akishika ukuta kama abiria ndani ya behewa.
Akafungua kopo la gome la mcheri, lile la mama yake,
ambalo kifuniko chake hushuka chenyewe,
taratibu, kwa pumzi yake.
Kinga mkono, akasema. Nikakinga.
Majani membamba kama sindano,
kijani kilichoiva hadi kukaribia weusi.
"Nusa."
Nyasi baada ya mvua. Kwa mbali, mwani.
"Haya, weka bakulini. Barafu juu yake. Maji usitie."
Maji nisitie?
"Kwani barafu ni nini?"

Basi tukakaa.
Saa nne na dakika sita usiku,
vipande tisa vya barafu, bakuli la udongo,
nje nyenje wanakereza joto.
Nilishika saa ya mfukoni niliyopewa siku ya kustaafu.
Tone.
Kimya kirefu.
Tone.
Nikauliza, itafika saa ngapi?
Fumie akacheka, akashika shavu kwa maumivu,
akacheka tena.

Kipande kikubwa kiliteleza, kikagonga ukingo.
Jani moja likajikunjua,
kisha la jirani yake,
kama wasafiri waliosinzia kwenye benchi
wakasikia jina la mji wao.
Miaka arobaini na mmoja naishi na mwanamke huyu,
na chai hii,
sikuwahi kuona jani likifunguka.

Alipitiwa na usingizi kitini.
Sikumwamsha.
Saa niliilaza kifudifudi mezani.

Vilipatikana vijiko vitano tu, labda sita,
vizito kama mafuta,
rangi ya bawa la nzige mchanga.
Kumekucha, na joto lishaanza kupanda mapaa.
Nilimpa kwa kijiko kidogo cha mbao.
Akaiacha ikae juu ya ulimi.
Nikasubiri uso wake ukunjamane
kama nilivyozoea kusubiri taa nyekundu.
Haukukunjamana.
Alimeza. Akafungua mdomo tena,
kama kinda, bila aibu yoyote.

Kijiko cha mwisho alikisukuma upande wangu.
Nilikataa. Akakaza macho. Nikanywa.

Majani yaliyobaki niliyatilia mchuzi wa soya, nikayala.
Yeye asingeweza, chumvi ingemchoma;
alinitazama tu nikitafuna,
akaniuliza yana ladha gani,
nami, mtu wa tarakimu, nikatafuta neno
hadi bakuli likakauka.

Kisha nikajaza maji trei ya barafu.
Vyumba kumi na vinne.
Nilimwaga kidogo sakafuni, mkono ukitetemeka,
na sikutazama ni saa ngapi.