Chupa ya Pili

Chupa ya kwanza ilijibu hapana.
Nikaandika HASI kwa wino mweusi,
Mwinyikai Bakari, miaka arobaini na miwili,
mzibuaji wa mitaro, soko la Kongowea,
na chini, kwa herufi za kubana:
homa siku ya tatu. Arudi baada ya wiki mbili.

Hawarudi.
Homa ikishuka mtu hufuata riziki yake;
nani atakupa mshipa mara ya pili
ili upate cha kuandika?
Daktari alikwisha mpa vidonge bila kutungojea,
na alifanya vyema. Figo haingoji karatasi.

Huyu akaja.
Siku ya kumi na sita, kanzu imepigwa pasi,
mato yangali kama yametiwa bizari.
Hakuuliza kama atapona.
"Wasema nalewa," akanambia.
"Msikiti mzima. Ati manjano haya ni ini la mnazi.
Mkwe amekuja kumtwaa mwanawe.
Nami mnazi sijaugusa tangu nizawe.
Nitolee damu, dada. Iseme yenyewe."

Nikafunga mpira juu ya kiwiko.
Damu nzito kuliko maji, twaambiwa,
lakini yake iliingiwa na maji:
mvua ya Mei, mtaro uliofura
maganda ya ndizi, maji ya samaki, mkojo wa panya,
buti lililotoboka kisiginoni,
na mkwaruzo ambao hata mkewe hakuuona.

Chumba cha ndani twavifuga vimelea hai,
viuzi vya fedha vyenye kulabu nchani,
vyacheza katika giza la hadubini
kama nywele zilizoingiwa na wazimu.
Huvitilia maji ya damu ya mtu,
nikiyazimua nusu kwa nusu,
moja kwa hamsini, kwa mia, kwa mia mbili.
Kingamwili zikiwapo, huvikamata,
huvifunga mafungu mafungu.
Zisipokuwapo, ngoma yaendelea.

Ile hapana ya kwanza haikuwa uongo.
Mwili ulikuwa haujalijua jina la adui.
Shahidi alikuwa njiani.

Mia nne: vimeshikana.
Mia nane: vimeshikana.
Elfu na mia sita: nusu vimeshikana, nusu vyazurura.
Elfu tatu na mia mbili: ngoma.
Nikarudia kutazama, nikafuta jicho, nikatazama tena.

Aliisoma karatasi kwa kidole.
"Hapa pameandikwa silewi?"
Hapana. Pameandikwa moja kwa elfu na mia sita.
Kipimo hakijui mtu alikunywa nini
wala hakunywa nini,
chajua tu ni nani aliyepita ndani yake.
Akanyamaza. Feni ikazunguka.
Nje, mwenye zamu aliita jina la mtu mwingine.

Basi nikaigeuza karatasi,
na nyuma yake, kinyume cha kanuni zetu zote,
nikaandika kwa mkono:
*Homa hii ilitoka mtaroni.*
Nikatia sahihi, nikagonga muhuri,
muhuri ukakaa upande.

Akaikunja mara nne, akaitia chini ya kofia.
Jumatatu yuwarudi kazini, alisema.
Nikamuuliza habari ya buti.
"Lile lile," akanijibu,
na mlango ukajifunga nyuma yake.