Ukurasa wa Arobaini na Moja

Nina meza moja, kisu, sindano ya magunia,
na sufuria ya gundi niipikayo kwa unga wa muhogo.
Hapa Arua, nyuma ya soko, ubavuni mwa wauza tumbaku,
vitabu huletwa kwangu kama wagonjwa:
vingine vimelowa, vingine vimeguguniwa na panya,
vingine vimekwisha kufa ila jamaa hawajakubali.

Kimoja hakipitishi wiki.
*Taa Nyuma ya Mlango*, cha marehemu Yeremia Ezati,
mwalimu wa shule ya msingi, mhubiri wa Jumapili,
kurasa tisini na sita, jalada la kijani
lisilojua kuvumilia jasho.

Mimi si mtu wa kanisa sana. Huenda Pasaka,
nikikumbushwa.
Lakini mikono husoma hata macho yakikataa.
Mwanzo wake ni safi kama shati la mgeni;
mwishoni hufika wachache;
ukurasa wa arobaini na moja ndio hung'oka kwanza.

Wa Sista Driciru, wodi ya watoto, una doa la dawa.
Wa Keji una masizi:
alivuka nao kutoka Yei, kitabu ndani ya chungu,
chungu kichwani, mtoto mgongoni.
Afeku wa bodaboda hana kitabu. Ana picha ya ukurasa
kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.
"Mzee, na kioo unashona?"

*Usimwombe Mungu amwondoe jirani yako.
Mwombe akuonyeshe mlango wake ulipo,
kisha nenda, hata kama hujui utasema nini.*

Basi. Ni hayo tu.
Mtu angeweza kuyasema kwenye foleni ya maji
na ndoo zikaendelea kujaa.

Wala si wote wapigao magoti.
Candiru, mwanafunzi wa chuo, ameukata kwa wino mwekundu
mstari wa ukurasa wa sitini,
pale mwalimu asemapo mke mwema hajibu.
Pembeni: *Hapa, Mwalimu, hapana.*
Chini yake, siku nyingine, wino mwingine:
*Bado hapana. Lakini nimerudi.*
Nilishona bila kufuta.

Mwezi wa sita akaja mama mwenye mvi,
akafungua fundo la kitenge.
"Cha baba," akasema. "Chake mwenyewe."
Nikasimama, sijui kwa nini.
"Kaa, mzee. Aliwaandikia watu upole
huku sisi tukila kimya tusimkatize kalamu.
Na Onzima, tuliyepakana naye shamba,
miaka kumi na moja hawakupeana salamu."

Nikafungua. Arobaini na moja
ulikuwa umechakaa kuliko yote niliyowahi kushika,
laini kama kitambaa cha kufutia ubao.
Pembeni, kwa penseli, herufi za mwalimu
zilizoinama kidogo kama watu wanaopanda kilima:
tarehe, kisha *Leo sikuweza.*
Tarehe, *Leo sikuweza.*
Nikahesabu tisa.
Ya kumi haina tarehe:
*Nimefika hadi uani kwake. Kuku wamenikimbia. Nimerudi.*

Binti akasoma midomo ikicheza.
Akacheka hapo penye kuku,
kisha hakucheka.
Wauza tumbaku walikuwa wakigombania mizani.
"Gundi itafunika maandishi?"
"Nikitaka."
"Usitake."

Nikaupaka uti wa kitabu tu, kwa ncha ya kidole,
kama unavyompaka mtoto dawa akiwa amelala,
nikaweka jiwe juu.

Jioni Afeku akaegesha pikipiki, akachungulia,
akasoma alichoweza kusoma, simu tayari mkononi.
"Mzee, nipige picha?"
Nikamwambia si changu. Mwenyewe anarudi Jumatatu,
umwombe.
Na kwanza ngoja kikauke.